Pakiti tatu za pedi zilizorudi nyumbani

Dada yangu ndiye aliyefungua tranka. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, Mafinga ikiwa kwenye ile baridi yake ambayo nguo hukaa kambani siku mbili na bado ni mbichi. Binti yake alikuwa angali kitandani, amejifunika gubigubi. Dada alitaka tu kutoa nguo chafu aziloweke. Chini kabisa, chini ya madaftari ya fizikia, akakuta pedi. Januari alikuwa amemnunulia pakiti nne. Tatu zilikuwa hazijafunguliwa.

Akaja nazo jikoni, akaziweka mezani bila kusema neno. Mama yetu, aliyekuwa amekuja kutoka kijijini kumwona mjukuu wake, alikuwa anapepea jiko la mkaa. Jirani alikuwa ameingia kurudisha sufuria. Maji ya chai hayajachemka, tayari maelezo matatu yameshatolewa. Dada alisema, "Huyu mtoto ana mimba." Jirani akasema hapana, hilo ni chango la uzazi, na anamjua mzee mmoja anayelitibu kwa mizizi. Mama aliendelea kupepea, kisha akasema taratibu, "Damu imemkauka. Hamumwoni alivyo?"

Mimi ni muuguzi. Nimekaa miaka mingi kwenye kliniki za afya ya uzazi, kwanza Mbeya na sasa Iringa, na maelezo hayo matatu nimeyasikia kila nilipofanya kazi. Nimeyasikia hata kwa wasichana wenyewe, ambao wengi wanapofika kwetu wameshakunywa kitu fulani. La nne ndilo nisilolisikia, na kwa msichana wa umri ule ni moja ya sababu za kufikiriwa mapema sana: mwili unaopata chakula kidogo kuliko kazi unayoifanya huweza kuisimamisha hedhi wenyewe, pasipo ugonjwa kwenye kizazi wala mkono wa mtu.

Dada hakukosea kuanza na mimba. Hedhi ikichelewa kwa msichana au mwanamke ambaye huenda amekutana na mwanaume, kipimo cha mkojo ndicho cha kwanza, hata kama anaapa kwa jina la bibi yake. Ila apimwe bila matusi, maana msichana aliyetukanwa leo hatasema ukweli kesho, na ukweli wake tutauhitaji. Aulizwe pia, akiwa peke yake, kama amechoma sindano ya uzazi wa mpango au ameweka kijiti. Wapo wanaofanya hivyo kwa siri, na sindano ya miezi mitatu husimamisha hedhi kwa wengi wanaoitumia. Ndivyo dawa ilivyo, haijaharibu kitu.

Binti yetu alipima. Mstari ulikuwa mmoja. Sindano hakuwa amechoma. Tulipobaki wawili akaniambia, "Mama mdogo, mara ya mwisho ilikuwa Februari. Mimi nilifurahi tu. Choo cha bweni maji hayatoki, kila mwezi ilikuwa shida." Kisha akaongeza jambo lililonikaa moyoni hadi leo. Wenzake wawili wanaokimbia naye kwenye timu ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, nao walikuwa hawapati siku zao, na walikuwa wameambiwa kwamba hiyo ni dalili mazoezi yameingia mwilini.

Mazoezi kuingia hakuna dalili ya namna hiyo. Shule siitaji, na aliyewaambia naamini hakuwa na nia mbaya. Aliambiwa hivyo na mwingine kabla yake. Lakini watoto watatu kwenye timu moja hedhi zimekoma, na watu wazima wanaowazunguka wamelichukulia kama ushindi.

Kichwani ndiko kunakoanzia

Watu wengi wakisikia hedhi huwaza tumbo. Hesabu yake hufanyika kichwani. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo hipothalamasi, haizidi punje kubwa ya karanga. Hiyo hutoa homoni kwa mapigo, kama ngoma: katika nusu ya kwanza ya mzunguko, pigo moja kila baada ya saa moja hadi saa moja na nusu hivi. Mapigo hayo huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo hutuma homoni zake mbili hadi kwenye ovari. Ovari huanza kulipevusha yai na kutoa estrojeni, ambayo hujenga utando laini ndani ya mji wa mimba. Yai likishatoka, projesteroni huushika utando huo kwa takriban wiki mbili ukimsubiri mgeni. Asipokuja, projesteroni hushuka, utando hubomoka, na hapo ndipo mwanamke anasema ameingia kwenye siku zake.

Ngoma ikipigwa polepole mno, tezi hupunguza homoni zake na ovari hukaa kimya. Utando haujengwi. Na kisichojengwa hakibomoki.

Nani anaiambia ngoma ipunguze? Fikiria mama wa nyumbani kijijini, mtu makini. Hawezi kutangaza harusi ya mtoto kabla hajachungulia kihenge akajua kimebaki nini na msimu ujao uko mbali kiasi gani. Ubongo ndivyo unavyofanya, kwa sababu mimba ni gharama kubwa. Kubeba ujauzito mpaka mwisho kunahitaji kalori takriban 77,000 juu ya chakula cha kila siku. Ukiweka hizo kwenye unga wa mahindi ni kilo 21 hivi, debe zima na zaidi, na bado kunyonyesha hakujaanza. Mwili ambao hauna uhakika wa kula kesho hauingii kwenye gharama hiyo. Unaahirisha.

Wajumbe wanaopeleka habari za kihenge ni kadhaa. Anayejulikana zaidi ni leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili, iliyogunduliwa mwaka 1994 kwenye maabara ya Jeffrey Friedman huko New York. Mafuta yakiwa ya kutosha, leptini iko juu na ubongo unatulia. Yakipungua, hushuka. Na ndani yake kuna jambo linaloeleza mengi: mtu akianza kula kidogo, leptini hushuka ndani ya siku chache, haraka kuliko mafuta yenyewe yanavyopungua. Yaani ubongo hupewa taarifa ya njaa wakati shangazi na majirani bado wanasema mbona umenawiri.

Hedhi nayo haikatiki ghafla kama umeme. Kwanza zile wiki mbili za projesteroni hufupika. Kisha unakuja mwezi ambao yai halitoki kabisa, ingawa damu inaweza kuonekana na msichana akadhani kila kitu kiko sawa. Halafu mzunguko unarefuka, siku 40, siku 60, hadi siku moja anagundua pedi zimekaa tu. Hofu, msiba, mitihani na kukosa usingizi huongeza uzito kwenye mzani huohuo, kwani vyote hupita kwenye ubongo ule ule. Ndiyo maana wanafunzi wawili wa bweni moja, wanaokula sahani moja, mmoja hupoteza hedhi na mwingine haipotezi. Miili haifanani kwa uvumilivu.

Damu haikauki

Sasa nirudi kwa mama yangu na damu yake iliyokauka, maana kauli hii imewapotosha wengi kuliko hata chango.

Dhana yenyewe inaeleweka. Damu inatoka kila mwezi. Ikiacha kutoka, basi imekwisha. Kwa hiyo msichana hunyweshwa juisi ya rozela, supu ya maini na vidonge vya kuongeza damu, na familia inasubiri. Ila hedhi haichotwi kwenye pipa. Mwanamke ana damu lita nne hadi tano. Anachopoteza kwa hedhi moja kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula, na hata hicho kimechanganyika na utando na ute. Mwenye upungufu wa damu huendelea kupata hedhi kama kawaida. Tena wengi walio na upungufu huo wameupata kwa sababu hedhi zao ni nyingi mno, za kuloanisha pedi kila saa.

Ila mama hakuwa mbali na ukweli. Upungufu wa damu na kukoma kwa hedhi mara nyingi hukaa kwa msichana mmoja, kwa kuwa mzazi wao ni mmoja: sahani isiyotosha. Ni ndugu, mmoja hakumzaa mwenzake. Ukimtibu mmoja peke yake, yaani ukampa madini ya chuma na kumwacha na kikombe chake kimoja cha uji, damu itapanda na hedhi itabaki kimya. Nimeyaona hayo kwenye kadi za wagonjwa: kipimo cha damu kimetoka 9 kimefika 12, mama anashangilia, na tarehe ya hedhi ya mwisho bado ni ile ile.

Mzani hausemi yote

Kwa miaka mingi wataalamu nao walidhani siri iko kwenye unene. Mwaka 1974 Rose Frisch wa Harvard, akiwa na Janet McArthur, walichapisha hoja kwamba msichana anahitaji mafuta ya karibu asilimia 17 ya uzito wake ili avunje ungo, na karibu asilimia 22 ili hedhi iendelee vizuri baadaye. Waliona pia kwamba kupoteza asilimia 10 hadi 15 ya uzito unaofaa kwa urefu wa mtu kunatosha kuikatisha. Hoja ilipendwa kwa sababu ilikuwa na namba. Na kulikuwa na ushahidi wa miaka ya nyuma: majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Uholanzi ilipofungiwa chakula wakati wa vita, hedhi za wanawake wengi zilikoma, na miezi tisa baadaye watoto waliozaliwa walipungua sana.

Tatizo ni kwamba namba hizo hazikuwashika wote. Wako wanawake wembamba wa asili, ukoo mzima, hedhi zao hazikosi siku. Na wako wasio wembamba ambao zimepotea. Mwaka 2003 Anne Loucks, mtafiti wa Marekani, na mwenzake walichapisha majaribio ya kuwapunguzia wanawake wenye afya chakula huku wakifanya mazoezi, kisha kuhesabu mapigo ya homoni zao. Nishati iliyobaki baada ya mazoezi ilipoteremka chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya mwili usiohesabu mafuta, mapigo yalianza kuvurugika. Ilichukua siku tano tu. Ndani ya siku tano huwezi kumtazama mtu ukasema amekonda. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba 30 si ukuta mmoja kwa wanawake wote, lakini wazo lenyewe limesimama: ubongo hauangalii tu kilichomo kihengeni, unaangalia kinachoingia na kinachotoka.

Kwangu mimi tafiti zinazogusa zaidi ni za wakulima. Miaka ya 1980 Peter Ellison na wenzake walikusanya mate ya wanawake wa Kilese katika msitu wa Ituri, Kongo, wakapima projesteroni. Miezi ya njaa, kabla ya mavuno, wanawake walipungua uzito na homoni zao zikashuka; chakula kiliporudi, zikapanda. Kisha Grażyna Jasieńska akafanya kazi kama hiyo na wanawake wa mashambani Poland, ambao hawakuwa wamekonda na chakula walikuwa nacho. Msimu wa kazi nzito, projesteroni ilishuka vilevile. Jembe peke yake lilitosha.

Nikisoma hayo nawaona wanawake wa huku kwetu mwezi wa Januari na Februari. Mahindi ya mwaka jana yamefika chini ya kihenge, mapya bado yanapaliliwa. Mtu anaamka na kikombe cha chai ya rangi, anapanda kilima na mtoto mgongoni, analima hadi saa nane, anarudi na mzigo wa kuni, ndipo anawasha moto. Akija kliniki Machi akisema miezi miwili hajaona siku zake na kipimo cha mimba hakionyeshi kitu, swali langu la kwanza ni amekula nini jana tangu alipoamka. Wengi hushangaa. Walitarajia niulize juu ya mume.

Hesabu ya binti yetu

Urefu wake ni sentimita 162. Desemba, kwenye mizani ya duka la dawa, alikuwa na kilo 55. Juni alikuwa na 49. Ukigawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe unapata 18.7. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na uzito pungufu akiwa chini ya 18.5, na kwa umri wake wa miaka 17 kuna chati za vijana ambazo nazo zingempitisha. Karatasi ingesema yuko salama. Ila kilo 6 kutoka 55 ni karibu asilimia 11 ya mwili wake, na hilo ndilo jambo ambalo karatasi hailioni.

Tukakaa na kalamu. Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, mbio za mlimani, jioni tena; kwa wastani kilomita 8 kwa siku. Uji saa nne, kikombe kimoja, mwepesi. Kande saa nane. Usiku ugali wa sembe na maharage yenye mchuzi mwingi. Kwa makadirio yangu, kwa kuwa bwaloni hakuna mizani, uji ulimpa kalori 150, kande 550, ugali na maharage 700. Jumla 1,400. Mbio za kilomita 8 kwa mwili wa kilo 49 hula karibu 390. Zinabaki 1,010 za kuendesha moyo, mapafu, ubongo, kukua, kusoma na kupambana na baridi. Mwili wake bila mafuta ni kama kilo 39. Gawanya: 26 kwa kila kilo, chini ya ile 30 ya Loucks.

Aliikodolea macho ile 26. "Kwa hiyo siumwi?" Nikamwambia, "Huumwi, mwanangu. Una njaa." Akasema hasikii njaa. Ni kweli, na hilo linachanganya wengi: tumbo lililozoea kidogo linaacha kudai.

Nafahamu msomaji wa mbali atashangaa njaa ya namna hii inatoka wapi kwenye nyanda ambazo malori ya mahindi, viazi na mchele hayakatiki barabarani. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zilikuwa zinaitwa mikoa minne mikuu ya chakula nchini. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliikuta Iringa ikiongoza kwa udumavu, asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Tunalima, tunauza, na kwenye sahani tunabakiza sembe na mboga iliyochemshwa kwa tone la mafuta. Watoto waliodumaa ndio wanaokuwa wasichana wa bweni. Ndio pia wale wanaochukuliwa wakiwa wadogo kwenda kufanya kazi za ndani mijini, ambao hupika chakula cha nyumba nzima na kula mwisho, kilichobaki sufuriani. Hao hakuna hata anayefungua begi lao kuhesabu pedi.

Upo pia upande mwingine, ambao miaka ya nyuma sikuuona sana na sasa nauona: mwanafunzi wa chuo pale Mbeya anayekula chipsi mara moja kwa siku kwa sababu ya hela, na rafiki yake mwenye hela anayekunywa chai ya kupunguza tumbo kwa sababu ya picha za kwenye simu. Ubongo hauulizi kama njaa ni ya umaskini au ya hiari. Na kwa yule ambaye kula kumegeuka hofu, anayekwepa chakula au kujitapisha kwa siri, maneno ya "kula tu" hayasaidii; anahitaji daktari na mtu wa kuzungumza naye.

Kabla ya kulaumu sahani

Hata hivyo njaa isiwe gunia la kutupia kila hedhi iliyokosekana. Tulimpeleka binti hospitali ingawa hesabu ilikuwa imeshaeleza mengi, kwa sababu zipo sababu nyingine zinazofanana nayo kwa sura. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri huvuruga hedhi, na nyanda hizi zilijulikana kwa rovu kabla chumvi haijaanza kuwekwa madini joto. Kifua kikuu na VVU huleta kukonda na hedhi kukoma, na mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya bado ina maambukizi ya VVU ya juu kuliko sehemu nyingi za nchi. Kupima ni kujua, na aliyeanza dawa hunawiri na hedhi mara nyingi hurudi. Maziwa kutoka kwenye matiti bila kunyonyesha, pamoja na kichwa kuuma na macho kufifia, huelekeza kwenye tezi ya pituitari. Nywele nyingi kidevuni, chunusi na uzito unaopanda huelekeza kwenye ovari zenye vifuko vingi, hali ambayo mzizi wake ni tofauti kabisa.

Kwa hiyo msichana aliyefika miaka 15 hajavunja ungo aonwe. Aliyekuwa anapata hedhi sawasawa kisha ikakosekana miezi mitatu aonwe. Anayekonda huku anakohoa au kutoka jasho usiku asisubiri hata hiyo miezi mitatu.

Na mizizi ya jirani? Chango ni jina tulilorithi kwa maumivu na matatizo mengi ya tumbo la uzazi, silidharau, lakini dawa ya kuchemsha isiyopimwa haiwezi kuujaza mwili kalori 750 zinazokosekana. Vidonge vya kuleta hedhi vinavyouzwa dukani navyo vina mtego wake. Vikiwa vya homoni, damu inaweza kutoka. Kila mtu anafurahi. Damu hiyo imeletwa na kidonge. Ngoma ya kichwani bado imelala, na sasa hakuna anayejua.

Kinachonitia hofu zaidi ni mifupa. Estrojeni inayokosekana kwenye ovari iliyolala ndiyo hiyo hiyo inayoilinda mifupa ya msichana, na sehemu kubwa ya mifupa ya maisha yote huwekwa katika miaka hii ya ujana. Mkimbiaji asiyepata hedhi huanza na maumivu ya muundi yasiyoisha, kumbe mfupa umepata ufa mdogo. Akipakwa dawa ya kuchua na kurudishwa uwanjani, ufa unaongezeka. Nafasi ya kujenga mifupa ikipita, kuirudisha ni kazi ngumu, na bili yake huletwa uzeeni.

Nimalizie na chakula. Binti alihitaji karibu kalori 750 zaidi kila siku ili afike kwenye 45 kwa kila kilo, kiwango cha mwili uliotulia. Si nyama choma. Konzi mbili za karanga ni 340. Parachichi moja la wastani, ambalo Rungwe na Njombe wakati wa msimu halina bei, ni kama 240. Kijiko cha chakula cha mafuta ya alizeti kwenye mboga ni 120. Ndizi moja mbivu inamalizia. Unga wake tukaubadilisha kuwa dona, kwa sababu sembe imeacha sehemu kubwa ya chuma na zinki yake kwenye pumba tunazowapa nguruwe. Dagaa wakaingia kwenye maharage. Na chai, ambayo huku kwetu Mufindi ni kama maji, ikahamishwa kutoka mezani: majani ya chai hushikana na chuma cha kwenye maharage na mboga kisipite, hivyo inywewe saa moja kabla au baada ya kula. Mama yangu alilipinga hilo la chai kwa siku nne nzima.

Kitu kimoja nilimwambia binti tukiwa peke yetu, na nawaambia wote. Hedhi ikianza kurudi, yai hutoka kwanza, damu hufuata wiki mbili baadaye. Anayedhani hawezi kushika mimba kwa kuwa haoni siku zake anaweza kuishika kabla hajaona hata tone.

Aliuliza kama lazima aache kukimbia. Daktari alimwambia apumzike wiki sita, kisha arudi kwa mara tatu kwa wiki, na asikimbie akiwa na tumbo tupu. Dada alizungumza na shule, akapeleka ndoo ya karanga zilizokaangwa na unga wa dona wenye karanga wa kukorogea uji. Wale wenzake wawili nao wakawa wanachota humo. Agosti mizani ilisoma 53. Septemba, tarehe 9, akaona damu ya kahawia, kidogo, siku mbili tu. Akaiandika nyuma ya daftari la fizikia kama nilivyomwagiza. Ya pili ilikuja Oktoba 20, nyekundu, siku nne. Siku 41 katikati: ndefu kidogo, lakini kwa umri wake hadi 45 bado ni kawaida.